Homa Yangu ya Mwezi wa Tisa

Kila mara Daudi anapoisimulia safari yetu ya Mto Ruvuma, huanza na homa yangu. "Tulikuwa watu watatu," husema, "siku ya kuondoka Mungu akamshushia Somoe homa, tukabaki wawili." Kisha hunyamaza kidogo ili wasikilizaji wapate nafasi ya kumshukuru Mungu kwa niaba yangu. Nimemsikia akiisimulia hivyo msibani, harusini, na mara moja kwenye foleni ya benki pale mjini, ambako mama mmoja nisiyemjua alinigeukia, akanishika mkono na kusema, "Una bahati, mwenzangu." Miaka ishirini na mitano nimekaa ndani ya hadithi hiyo nikiitikia kwa kichwa. Kwa hiyo mwezi uliopita, Lipande aliponipigia simu kusema binti yake wa mwisho ameolewa, shughuli imekwisha salama, na sasa anataka Jumapili sisi watatu wa boti tule pamoja kwake Mtawanya, nilianza kutafuta kisingizio kabla hata sijamjibu. "Daudi anashuka kutoka Newala," alisema. "Na usiniletee visingizio, mtani wangu. Wewe miguu miwili unayo." Nilikwenda kwa bajaji, nikamwomba dereva aende polepole, naye akaniuliza mara mbili kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Nilijisikia kama nimesema jambo kubwa, ingawa yeye alikuwa ameshageuka mbele kuangalia barabara.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikishona nguo kwenye baraza ya mama mdogo Fatu huko Shangani. Daudi alipanga chumba cha uani. Alikuja na begi moja la nguo na furushi la mpira la kijivu ambalo wapagazi wawili walilibeba wakilalamika, nasi tukadhani ni hema. Lilikuwa boti. Alikuwa amefanya kazi miaka sita kule kwenye maporomoko ya Zambezi, akiwashusha wazungu kwenye maji yenye povu kwa boti la mpira, na tajiri wake alipofunga kazi akampa boti moja kuukuu badala ya kumuaga kwa maneno matupu. Sasa alikuwa amerudi kwao na wazo moja tu kichwani. Alitaka kuushuka Mto Ruvuma kuanzia kwenye maji ya kasi huko juu mpaka Kilambo kwenye pantoni, wakati wa kiangazi kikali, wageni wanapokuja na mvua haisumbui, akishausoma mto wote aanze kupeleka watu. Alipenda kusema kwamba mto ule ni jangwa lenye maji katikati, mchanga huku na mchanga kule, na kwamba hakuna mto kama huo wa kutembezea watu. Nilimwamini. Nilikuwa sijafika mbali kuliko Kilambo maishani mwangu, na mtu aliyefika Zambezi akirudi ni rahisi kumwamini.

Mipango yote ilifanyika sebuleni kwa mama mdogo. Siku ya kwanza ya kulijaribu boti walilijaza upepo mle mle ndani, Daudi na Lipande wakipokezana pampu ya miguu, likavimba na kuvimba mpaka likasukuma viti ukutani na kuziba mlango wa jikoni, na mama mdogo akabaki upande wa pili na sufuria ya wali mkononi akiwaita majina yao na ya mama zao. Lipande alikuwa fundi pancha, Mmakua wa Masasi, mwenye mikono mipana na mzaha usiokatika. Alikuja kuziba matundu kumi na manne ya boti lile kwa gundi ya matairi, akaishia kuwa mwanasafari wa pili. Kuogelea alikuwa hajui. Sebule ilinuka gundi miezi mitano. Tulikula tumekaa juu ya boti, wali na samaki, au muhogo na kisamvu, au ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha tukiimenya kwa meno na kutemea maganda kwenye sahani moja, na ramani ya Daudi ikiwa imetandazwa katikati, ina madoa ya mafuta pale Masuguru na pale Kitaya. Mpaka leo nikisikia harufu ya gundi ya pancha nahisi njaa, na baada ya njaa nahisi hofu.

Mimi niliingia kwenye safari kwa sababu ya daftari. Mwezi wa Aprili, mto ukiwa umejaa, Daudi alikwenda juu kuyakagua maji ya kasi, akarudi ameridhika. Alichotaka kujua sasa ni kiasi gani mto utashuka kiangazi kikija, na kurudi huko juu kila mwezi hakukuwezekana kwa barabara zile. Basi alikwenda Kilambo, akachomeka mti kando ya gati la pantoni, mti mrefu aliouchora mistari kwa rangi nyekundu, akanikabidhi daftari. "Kila Jumamosi, Somoe, ukahesabu maji yamefika mstari wa ngapi. Tarehe na mstari, basi. Ukinifanyia hivyo mpaka Agosti, kiti cha tatu ni chako." Mama mdogo aliposikia aligonga kifuniko cha sufuria na kuuliza ni nani atamwoa msichana aliyekwenda porini na wanaume wawili. Daudi akasema kwa heshima, "Mama, ataolewa na anayejua kuogelea." Sijawahi kukitaka kitu kama nilivyokitaka kiti kile. Nilikishonea hata mto wa turubai, na jina langu nikalitarizi kwenye pembe kwa uzi mweupe.

Kila Jumamosi nilipanda pikapu ya kwenda Kilambo. Ilikuwa haina saa maalumu. Iliondoka kulingana na pantoni, na pantoni ilivuka maji yakijaa, kwa sababu yakipwa ilikaa kwenye matope. Hilo kwangu lilikuwa jambo la kawaida mno. Sisi Wamaraba wa pwani hatuzaliwi tukiwa tumefundishwa, lakini mtoto wa miaka sita kwetu anajua leo ni bamvua, bahari inajaa mpaka juu na kupwa mpaka mbali, au ni maji mafu, bahari inapanda kidogo na kushuka kidogo. Anajua pia kwamba pale Kilambo bahari inaingia mtoni na kuusukuma mto nyuma, maji yanapanda kwenda bara huku majani yakielea kinyume. Nilifika, nikahesabu mistari, nikaandika. Jumamosi ya bamvua mistari tisa. Jumamosi ya maji mafu mistari sita. Tisa, sita, tisa, sita, mpaka Agosti. Nilidhani Daudi anaitoa bahari kwenye hesabu zake kwa kile kikokotoo chake, kama vile mtu anavyotoa uzito wa gunia akipima korosho. Sikuandika neno bahari hata mara moja, kama ambavyo nisingeandika kwamba siku hiyo jua lilichomoza.

Lakini Daudi alikuwa mtu wa Newala, wa huko mlimani ambako maji yalibebwa kwa mwendo wa saa nyingi, na ujana wake wote aliumalizia kwenye mto usiojua bahari. Alijua kwamba bahari inajaa na kupwa. Aliiona kila jioni pale Shangani. Ila kwake bahari ilikuwa bahari na mto ulikuwa mto, na mto huteremka. Utotoni alikuwa akiutazama Ruvuma kutoka ukingoni mwa mlima wao, mstari mweupe chini kabisa bondeni, na alituambia kwa furaha jinsi maji yake yalivyokuwa yakimeta hata mwezi wa kumi. Baadaye nilisimama mahali pale pale. Ule weupe ni mchanga.

Niliyajua haya yote kwa mara moja, saa saba mchana, zikiwa zimebaki wiki tatu kuondoka, nimeshika bakuli la ming'oko. Nilikuwa natoka jikoni. Daudi alikuwa amelifungua daftari langu juu ya boti akimwonyesha Lipande. "Angalia vizuri," alisema. "Wiki hii sita. Iliyopita tisa. Ile ya nyuma sita tena. Mto huu unapumua, bwana. Huko juu kuna bwawa linajaa, linamwaga, linajaa, linamwaga."

"Na kiangazi chote hiki?" Lipande akauliza.

"Ndicho ninachokwambia. Julai nzima na Agosti hii haukushuka chini ya sita. Na sisi tunataka maji ya magoti tu, boti lipite. Siku nane, tupo Kilambo tunakunywa soda."

Nilisimama pale mlangoni na bakuli. Mama mdogo akaniambia niliweke chini, chakula kinapoa, nikaliweka. Lipande akaniangalia akasema, "Mtani, mbona umekuwa kama umeona chui?" Nikacheka. Nilikaa, nikamenya ng'oko moja, nikairudisha kwenye bakuli. Ningeweza kusema pale pale. Ingekuwa sentensi moja: kaka Daudi, hayo ni maji ya bahari. Nimeitunga sentensi hiyo mara nyingi tangu siku ile, na kila mara inatoka fupi na rahisi hata nashangaa.

Sikuisema kwa sababu ya aibu kwanza. Mtoto wa pwani aliyesahau bahari, wangenicheka mpaka mtaa wa tatu. Halafu kulikuwa na barua ya kibali. Ofisi moja ya serikali ilikuwa imemzungusha Daudi miezi mitano kabla ya kumpa kibali cha kusafiri kwenye mto wa mpakani, na kibali kilikuwa cha wiki mbili tu, wiki mbili za mwanzo za Septemba. Akiahirisha, anaanza upya. Na chini ya hayo yote kulikuwa na kiti changu. Safari ikifa kwa daftari langu, kiti kimekufa. Nikaanza kujidanganya kwamba huenda mto una maji hata hivyo, kwamba Daudi ni mtaalamu, kwamba kosa langu na wazo lake yatakutana mahali fulani yawe sawa. Nilishona mifuko ya turubai ya kuhifadhia chakula kisilowe, na kila mshono niliufumua na kuushona tena.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kilambo. Kwenye gati alikaa mama mmoja na magunia yake mawili ya mahindi, wa zile familia zenye ndugu ng'ambo na ndugu huku, Kiswahili chake kina Kimakonde cha Msumbiji ndani. Alitoka mbali juu ya mto. Nikamsalimu, nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Mama, huko kwenu maji yako vipi mwezi huu?"

"Maji?" Alinitazama kuona kama namtania. "Maji gani, mwanangu? Sisi kule tunavuka na miguu. Mtoto mgongoni, mzigo kichwani, tunavuka, tunarudi. Maji haya hapa." Akainama akajigusa chini ya goti, akashusha mkono mpaka kwenye kifundo. "Kwenye mawe ndiyo kabisa. Mawe yametoka nje yote, kama meno ya mbwa."

Nilihesabu mti. Mistari tisa. Nikaandika tisa.

Jioni hiyo walikuwa ufukweni Shangani wakifanya mazoezi, na mimi nikaingia kwenye boti kushika nafasi yangu. Daudi alikaa nyuma akiamuru, "Mbele! Nyuma! Shikilia!" na Lipande, aliyekuwa amefundishwa kuelea wiki mbili tu, alipiga kafi kwa nguvu zote akiwa amefumba macho. Watu waliokuja kupunga upepo walisimama kutucheka. Tulipopumzika nikajikaza. "Kaka Daudi," nikasema, "unajua bahari huwa inaingia mtoni?" Alikuwa akifuta maji usoni, na alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake tena. "Mito ndiyo inaingia baharini, Somoe," akasema. "Hebu kaza kamba ya jaketi lako." Nikakaza kamba. Najua sasa kwamba niliyachagua maneno yale kwa makusudi, yawe maneno ambayo angeweza kuyapuuza, ili baadaye nijiambie nilisema.

Ilipobaki siku tatu, hofu yangu ilibadilika sura. Mpaka hapo nilikuwa nikiogopa kuchekwa na kupoteza kiti. Sasa nikaanza kujiona nimekaa juu ya kiti chenyewe, katikati ya mawe yale ya mama wa magunia, chakula kimekwisha, na mamba wamejazana kwenye vidimbwi vichache vilivyobaki. Sikuwa nataka tena kiti. Nilitaka kutoka. Na hapa ndipo mwaka ule uliponionyesha mimi ni mtu wa namna gani, kwa sababu kulikuwa na milango miwili ya kutokea, mmoja wa watu watatu na mmoja wa mtu mmoja, nami nikapita ule wa mtu mmoja.

Asubuhi ya kuondoka pikapu ilikuja mlangoni kabla jua halijapanda. Nilisikia wakipakia. Nilikunywa chai ya moto nusu birika bila kupumzika, nikajifunika mablanketi mawili na khanga juu, nikalala nikihema mpaka shuka ikaloa. Mama mdogo aliingia. Akaweka mgongo wa mkono wake kwenye paji la uso wangu, akauacha pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kupima homa. Kisha akaushusha shingoni, akaacha tena. Alikuwa amelea watoto saba na alijua joto la chai. Akasimama, akatoka mpaka barazani, nikamsikia akisema kwa sauti isiyo na wasiwasi wowote, "Huyu haendi. Ana homa." Tuliishi pamoja miaka kumi na mmoja baada ya hapo, mpaka alipofariki, na hakuniuliza kitu hata siku moja.

Daudi alikuja akachuchumaa mlangoni. Hakuingia, kwa adabu. "Somoe, pole. Tukusubiri siku mbili?"

"Kibali je?" nikasema.

"Kibali kitajijua. Safari tumeipanga wote watatu."

Huo ulikuwa mlango wa watu watatu, umefunguliwa wazi tena, naye amechuchumaa kwenye kizingiti. Nilitazama vidole vya miguu yake vilivyokuwa vimevaa kandambili za matairi alizotengeneza Lipande kwa ajili ya mawe. "Nendeni," nikasema. "Ila chukueni na chakula changu chote. Na yale makopa ya muhogo na korosho kwenye ndoo ya mama mdogo, chukueni ndoo nzima." Alisema hakuna haja, ni siku nane tu. Nikasema kwa ukali, "Kaka Daudi, chukua!" Lipande akapaza sauti kutoka nje kwamba mtani wake anaumwa homa ya ukarimu. Pikapu ikaondoka. Mama mdogo akarudi na sufuria ya mwarobaini uliochemshwa, mchungu kama nini, akakaa kitandani akininywesha kikombe baada ya kikombe mpaka ukaisha. Siku tatu alininywesha. Sijui kama ilikuwa adhabu au alitaka jirani waamini.

Siku ya tisa mama mdogo alipika pilau, akaifunika kwa sinia, akaweka mezani. Ilipofika alasiri tukaigawa kwa majirani. Siku ya kumi na mbili alipika tena, kidogo. Hakupika tena. Sebule ilikuwa pana ajabu bila boti, na sakafuni ilibaki alama ya kijivu ya umbo lake, ambayo nilikuwa nikiipiga deki kila asubuhi na haitoki. Nilianza kushtuka kila pikapu ikipunguza mwendo. Nguo za watu nilizikata vibaya. Siku ya kumi na tano ilikuwa Jumamosi, nikaenda Kilambo peke yangu, bila daftari. Maji yalikuwa mstari wa tisa. Nikavua viatu, nikaingia mpaka kiunoni, nikautikisa ule mti mpaka ukang'oka, nikautupa. Sikuwa nimewaza, lakini maji yalikuwa yakijaa, na mti ule haukwenda baharini. Ulielea taratibu kwenda juu, kuelekea walikokuwa, na watu wa pantoni wakaniangalia.

Daudi alirudi siku ya kumi na tisa, peke yake. Alikaa kwenye kiti cha sebuleni kana kwamba amekiazima, midomo imepasuka, shati linaning'inia. Mama mdogo alimpa uji, naye akausimulia mto huku akiutazama uji. Hakukuwa na mto. Kulikuwa na mchanga unaounguza na nyuzi za maji, na boti walilibeba wao kuliko lilivyowabeba. Kwenye maji ya kasi hakukuwa na kasi, ila mawe makavu. Siku ya sita Lipande akakanyaga katikati ya mawe mawili, yakamkata mguu mpaka mfupa. Wakafunga na khanga. Kidonda kikaoza. "Tungekuwa watatu," Daudi alisema, "mmoja angekaa naye na mwingine angepanda kutafuta kijiji. Tulikuwa wawili. Nikimwacha, mamba. Nikikaa, kidonda. Nikambeba nusu siku, nikapumzika nusu siku." Hospitali moja huko juu ilikuwa imemkata mguu chini ya goti. "Na tusingefika hata huko," akasema, sasa akinitazama, "kama si ndoo yako. Siku kumi na moja tulikula ndoo yako, Somoe. Mungu alikupa homa ukae salama, na alikupa moyo tusife." Nikaenda jikoni. Nilisema nakwenda kuongeza sukari.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika miaka ishirini na mitano na bado ilikuwa inaendelea. Daudi hakugusa kafi tena. Aliuza bati na misumari huko Newala, akaoa, akajukuu, na kila aliposimulia alisema mto ulimsaliti, kwamba ulimwonyesha maji miezi mitano kisha ukayaficha. Aliuchukia kweli, kama mtu anavyomchukia ndugu. Lipande alilikatakata boti, ambalo lilifuatwa baadaye, akalifanya viraka, na kwa miaka mingi baiskeli nyingi za Mtwara zilitembea na kipande cha safari yetu ndani ya tairi. Mimi niliolewa, nikazaa, nikafungua duka la kushona, na daftari nikaliweka chini kabisa ya sanduku, chini ya nguo zangu za harusi. Jumapili ile ya Mtawanya nililitoa, nikalitia kwenye mkoba. Bado nilikuwa sijaamua. Nilijiambia nalipeleka tu kama kumbukumbu.

Lipande alitukaribisha kwa magongo yake, amenenepa, amevaa kanzu mpya ya harusi ya bintiye. Tulikaa sebuleni, makochi yamesogezwa, sinia la pilau chini mkekani, na wakwe wapya watatu waliobaki kutoka kwenye sherehe wamekaa nasi. Mkwe mmoja, kijana mpole, akauliza kwa heshima mzee alipoteza vipi mguu. Lipande akamwonyesha Daudi kwa kijiko. "Muulize nahodha wangu." Na Daudi, mvi zimejaa, akaweka mkono wake chini, akafuta vidole, akaanza. "Tulikuwa watu watatu. Siku ya kuondoka Mungu akamshushia Somoe homa."

"Sikuwa na homa," nikasema.

Nilisema polepole mno hata mkwe aliendelea kutabasamu. Daudi akasema, "Eeh?"

"Sikuwa na homa, kaka Daudi. Nilikunywa chai ya moto nikajifunika. Nilijua mto hauna maji. Nilijua wiki tatu kabla." Nikatoa daftari, nikaliweka mkekani kati ya sinia na bakuli la kachumbari, nikamfungulia. Nikaieleza pikapu, na pantoni, na bamvua, na maji mafu, na yule mama wa magunia. Ile sentensi moja haikuwa fupi tena. Daudi alifuata mistari kwa kidole, tisa, sita, tisa, sita, akaifuata kurasa zote mpaka mwisho, kama mtu anayetafuta mahali alipokosea kuongeza.

"Kwa hiyo ilikuwa bahari," akasema.

"Ilikuwa bahari."

"Na niliposema tukusubiri."

"Ulisema."

Alifunga daftari. Hakulirudisha kwangu. Alichukua kofia yake kwenye mkono wa kochi, akasimama, akatoka, na tukamsikia nje akijisafisha koo, kisha hatua zake zikienda barabarani. Pilau yake ilibaki imechimbwa upande mmoja. Wakwe waliangalia magoti yao. Mimi nilimwangalia Lipande, kwa sababu nililazimika, nikauangalia na mguu wa suruali uliokunjwa na kubanwa kwa pini. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi na nilikuwa nayahitaji.

Alisogeza magongo yake pembeni. Halafu akaegemea mbele, akaweka mgongo wa mkono wake mpana kwenye paji la uso wangu, akauacha pale, vilevile kama mama mdogo. Mkono wake ulikuwa unanuka gundi.

"Miaka ishirini na mitano," akasema. "Basi leo ndiyo umepona, mtani." Kisha akautoa mkono, na uso wake haukuwa unacheka hata kidogo. "Kula. Kinapoa."

Nikala. Sikujua la kufanya zaidi ya hilo.

Daudi hajanipigia simu tangu Jumapili ile, nami sijathubutu kumpigia, na daftari analo yeye. Lipande amenipigia Ijumaa tatu mfululizo akishafunga kibanda chake cha pancha, na kabla hata ya salamu huniuliza kama homa imerudi. Namwambia haijarudi. Kisha tunakaa kidogo, kila mmoja na simu yake sikioni, na yeye ndiye anayekata kwanza.